Mji Mkongwe: tuanze na paa, rangi isubiri

Jamani, mpango wa kuujenga upya Mji Mkongwe wa Zanzibar usianze na rangi. Kagueni nyumba kwa nyumba: paa linavuja wapi, bomba gani limepasuka ukutani, mwenye nyumba ni Serikali, wakfu au mtu binafsi. Bila mwenyewe kujulikana, matengenezo hayadumu.

Kuta hizi ni mawe ya matumbawe na chokaa. Hunyonya maji na kuyatoa. Ukizipiga plasta ya saruji, unyevu hukwama ndani, chumvi hula jiwe, na vichwa vya boriti za mikoko huoza kimyakimya. Kwa nje boriti inaonekana nzima. Ichokoe kwa bisibisi pale inapoingia ukutani, inazama. Beit al-Ajaib, jumba la Mji Mkongwe la 1883, liliporomoka sehemu Desemba 2020, na inaniuma hadi leo.

Chokaa ya plasta ilowekwe majini wiki kadhaa, kipimo 1 kwa mchanga 3, tena usiwe wa ufukweni, una chumvi. Tabaka ziwe nyembamba, zifunikwe magunia mabichi zisipasuliwe na jua. Na msibomoe kuta za kati kutafuta kumbi za hoteli: boriti haivuki zaidi ya mita 3 hivi toka ukuta hadi ukuta.