Mbegu za asili zisiishie kwenye friza

Kuna kitu kinaniumiza kila watu wakianza kuongelea kutunza mbegu za asili, yani mtu akishasikia kuna benki ya mbegu mahali basi anaona kazi imeisha, mbegu ziko kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri, salama. Mi hizo benki naziheshimu sana na tunazihitaji. Ile ya ICARDA, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo cha maeneo makavu, iliyokuwa karibu na Aleppo, vita vya Syria vilipoikuta, mbegu zao nyingi zilikuwa na nakala kule Svalbard, Norway, kwenye ghala la akiba ya mbegu za dunia, na 2015 wakaanza kuzitoa wakazizalisha upya Lebanon na Morocco.

Ila mbegu iliyoko kwenye baridi haikutani na kitu. Iliyoko shambani inapambana na ukame wa mwaka huu, na wadudu wapya, na mvua iliyochelewa, ile inayohimili ndo mkulima anaichagua kuwa mbegu ya msimu ujao, na hivo ndo zao linavyozidi kuizoea ardhi yake. Alafu hata huko benki mbegu inazeeka polepole, lazima wapime uotaji na ukishuka waipande upya. Ndizi, mihogo na viazi vitamu ndo kabisa, aina zake hazitunziki kwa mbegu, zinataka kutunzwa kama vimche kwenye vichupa vya maabara au kwenye shamba lililo hai.

Kwa iyo mi naona hizi aina za asili, ili zibaki shambani, tuzile. Aina ya maharage isiyo na mlaji wala mnunuzi mkulima ataiacha tu, na simlaumu hata kidogo, ana familia ya kulisha.

Na kama unatunza mahindi ya asili, tafadhali usitoe mbegu kwenye hindi moja kubwa lililokupendeza. Mahindi yanachavushana kwa upepo, ukiendelea kutoa mbegu kwenye mashina machache misimu kadhaa yanadhoofika, mimea inadumaa na mavuno yanashuka. Chagua kwenye mashina mengi, tena yakiwa bado yamesimama ili uuone mmea wenyewe, na uchague katikati ya shamba maana pembeni ndo chavua ya mashamba mengine inaingia zaidi. Kausha mpaka punje ukiing'ata ivunjike, isibonyee, funga pasipoingia hewa, andika jina na mwaka, na zingine mpe jirani azipande, zako zikiliwa na wadudu utajua pa kwenda kuomba.