Siku Dira Ilipougua Kalokol

Agosti 2019 tulikwenda kupima nguzo za mawe za kale za Kalokol, karibu na Ziwa Turkana kaskazini mwa Kenya, mimi na mwalimu mwenzangu wa hisabati, na chanzo kilikuwa ubishi wa chumba cha walimu. Yeye alishikilia kwamba nguzo zile ni kalenda ya nyota. Mimi nafundisha jiografia, na nilijua wapo waliolikataa jambo hilo. Tukakubaliana kuacha maneno. Tukafunga tepu ya mita 30, kamba ya mwashi, timazi, dira, fito tatu na maji lita 10, tukatoka Lodwar kabla ya jua kuchomoza.

Mawe hayatafutwi. Yako kando kabisa ya barabara iendayo Kalokol: nguzo 19 za basalti, mwamba wa volkano, zilizobanana katika uwanja mdogo uliozungushiwa mawe. Anayetarajia majabali atavunjika moyo. Ni vipande virefu vyenye pande kadhaa zilizonyooka, umbo ambalo basalti hujipatia yenyewe lava inapopoa na kupasuka, kwa hiyo waliozisimamisha hawakuwa na haja ya kuchonga. Kazi yao ilikuwa kuchagua na kubeba. Nyingi zimeinama, kila moja upande wake, na vichwani mwake zimepangwa kokoto.

Kuhusu kokoto tulielezwa hata kabla ya kutua mizigo. Mzee mmoja mchunga mbuzi alituambia kila afikaye huweka kijiwe. Hawa walikuwa watu wakicheza ngoma, wakamcheka asiyechekwa, wakageuzwa mawe. Namoratunga, watu wa mawe. Tukaweka vyetu. Mzee akaketi juu ya ekicholong, kigoda chake, chini ya mgunga, akatutazama kama mtu anayejua mchezo utakwishaje.

Ubishi wenyewe ulianza mwaka 1978, watafiti Lynch na Robbins walipoandika katika jarida la Science kwamba ukitazama kutoka nguzo hadi nguzo, mistari yake inaelekea mahali zilipochomoza nyota na makundi saba ya nyota mnamo mwaka 300 kabla ya Kristo. Kilimia imo, Sirius imo, Aldebaran na nyota za Orion zimo: zile zile ambazo Waborana huzitumia kupanga miezi ya kalenda yao ya siku 354. Mwaka 1982 mwanaakiolojia Robert Soper akaleta pingamizi, na sehemu ya pingamizi ilihusu upimaji.

Tukaijua sababu ndani ya nusu saa. Mwenzangu alisimama kwenye nguzo ya kwanza, akailenga ya pili, akasoma digrii 64. Nikaenda kwenye ya pili nikailenga ya kwanza. Ilipaswa kusoma 244. Ikasoma 231. Mpima ardhi yeyote anaijua kanuni hii: soma mbele, kisha geuka usome nyuma, na tofauti isipokuwa 180, kuna kitu kinaivuta sindano. Tukaweka mbali simu, funguo, tepu, hata mshipi wangu wenye bizimu la chuma. 233. Mvutaji alikuwa jiwe lenyewe. Basalti ina magnetaiti, madini ya chuma, hushika usumaku inapopoa, na radi ikiipiga huongeza wake. Nikaipitisha dira taratibu kando ya nguzo moja, kutoka chini hadi juu, sindano ikahangaika kama mtu aliyepotelewa na mtoto sokoni.

“Mwalimu,” mzee akasema kutoka kivulini, “saa yako inaumwa.”

Ikabaki kulitumia jua. Kigingi huwezi kukipigilia pale: ardhi ile inalindwa na sheria ya urithi ya mwaka 2006. Tukaenda nje ya duara, tukafunga fito tatu kileleni, tukaning'iniza timazi, fundo likiwa mita moja kamili juu ya ardhi tambarare. Upepo wa Turkana wa asubuhi si wa mzaha, timazi ikawa inacheza kama bembea, mpaka mzee alipokuja akatukinga kwa shuka lake. Ilipotulia, tukaweka alama chini ya ncha yake. Kwenye fundo tulibana kipande cha kadi chenye tundu dogo. Ncha ya kivuli hufifia, na ukiikisia kwa jicho unaweza kukosea sentimita nzima. Tundu linakupa doa la mwanga lenye katikati.

Saa nne na dakika 43 doa lilikuwa sentimita 63 kutoka kwenye alama. Tukachora duara la kipimo hicho kwa kamba. Kuanzia hapo ni kungoja doa liingie ndani ya duara, lizunguke, litoke upande wa pili. Mstari unaounganisha alama mbili za duarani ni mashariki na magharibi, na unaoukata katikati kwa pembe mraba ni kaskazini ya kweli. Kuna wanaofupisha kazi kwa kupima kivuli cha saa sita kamili. Kalokol wataumbuka. Saa ya Kenya ni ya longitudo ya digrii 45 mashariki, na mahali pale pako karibu na 36, kwa hiyo siku ile adhuhuri ya kweli ilikuja saa sita na dakika 43. Kwa kuwa jua la Agosti huko linapita karibu na utosi, kivuli hukimbia: dakika hizo 43 zingetupotosha zaidi ya digrii 30.

Saa nne za kungoja ni nyingi. Tulikaa mgungani na mzee, tukazungumza juu ya Lothagam, kusini zaidi, penye uwanja kama huu lakini mkubwa. Kikundi cha mwanaakiolojia Elisabeth Hildebrand kilichapisha mwaka 2018 kwamba chini ya jukwaa lile la mawe walizikwa watu wasiopungua 580, wake kwa waume, wazee na watoto, karibu wote na mapambo yao. Mmoja alikuwa na kipambo cha kichwa cha meno 405 ya panya wa jangwani. Wafugaji hao walijenga kati ya miaka 5,000 na 4,300 iliyopita, mvua zikipungua na ziwa likirudi nyuma. Mzee hakushangazwa na makaburi. Meno ya panya ndiyo yaliyomfanya acheke mpaka akakohoa.

Saa nane na dakika 43 doa likagusa duara. Tukanyoosha kamba kaskazini–kusini nje ya mawe, na kutoka kwenye kamba hiyo tukapima umbali wa kila nguzo, tukihakikisha pembe mraba kwa mita 3, 4 na 5. Tepu peke yake. Mwelekeo unakokotolewa baadaye kwenye karatasi.

Hapo mwenzangu akaanza kunyamaza. Unapima wapi, shinani au kileleni? Nguzo ya mita moja iliyoinama digrii 10 kichwa chake kimehama sentimita 17, na kwa jirani aliye mita 3 hiyo ni zaidi ya digrii 3 za mwelekeo. Kisha akapiga hesabu ambayo kwa kweli ilimaliza ubishi. Nguzo 19 zinatoa jozi 171. Kila mstari unatazama pande mbili: mielekeo 342, kwenye upeo wenye digrii 360.

“Hapa hata matatu ya Lodwar itapata nguzo yake,” akasema.

Na kuna la tatu, ambalo kwangu ndilo zito. Mhimili wa dunia unayumba, na nyota huhama kama digrii moja kila miaka 72. Nguzo za jamii hii magharibi mwa Turkana sasa zinapewa umri wa miaka 4,000 hadi 5,000. Anga la mwaka 300 kabla ya Kristo si anga walilolitazama waliozisimamisha.

Mwenzangu hakukubali kwa mdomo. Alikunja karatasi tu. Tulifumua fito, tukafuta duara kwa miguu, tukatembea na mzee hadi ng'ambo ya barabara, mbali na mawe. Nikaitoa dira. Sindano ilitulia palepale, ikitofautiana na kamba yetu kwa digrii mbili hivi, na kaskazini ya sumaku haina deni zaidi ya hilo huko.

Mzee akainama akaitazama. “Imepona,” akasema, akaita mbuzi wake.