Mfuko mmoja nyuma

Orodha ya vitu vya kwenda navyo Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) ilitaka bukta ya bluu iliyokolea, yenye mpira kiunoni, isiyo na zipu, iishie magotini, iwe na mfuko mmoja nyuma. Niliisoma kwenye simu mara mbili, nikaipenda. Wateja wanaojua wanachotaka ni wachache, na hawa wa jeshini waliandika kama mafundi.

Ilikuwa Mei 2023, Moshi. Binti yetu alikuwa amemaliza mtihani wa kidato cha sita, akapangiwa kambi ya Mafinga kwa mafunzo ya jeshi ya mujibu wa sheria, miezi mitatu. Vitu vingine tulivimaliza sokoni kwa siku moja: fulana ya kijani, raba, soksi ndefu nyeusi, shuka mbili za bluu bahari, traksuti. Mafinga kuna baridi na Juni ndiyo inakolea, kwa hiyo sweta zikawa mbili. Vyeti halisi viliingia kwenye bahasha, bahasha kwenye nailoni, nakala zikabaki kabatini. Bukta nikasema hazinunuliwi. Mama yake fundi cherehani, anunue bukta?

Za dukani nazijua zinapokufa. Ni pale katikati ya mapaja, vipande vinne vinapokutana. Kiwandani hupitisha mshono mmoja tu, tena wa kushona haraka. Halafu ili kubana kitambaa, kina cha kutoka kiunoni hadi mapajani wanakifanya kifupi. Mtu akisimama haoni kitu. Akichuchumaa, au akiambiwa aruke kichura, kitambaa hakina pa kwenda, kinapasuka.

Nilimkalisha kwenye kigoda kigumu. Kiti cha sofa hudanganya, kwa sababu mtu anazama. Kutoka kiunoni hadi kwenye kigoda, inchi 10 na nusu. Nikaongeza inchi moja ya kuchuchumaa. Nyonga 38, nikakatia 43, maana bukta ya mpira haina zipu, lazima ipite nyongani ikiwa nzima. Urefu hadi gotini 21. Juu nikaacha inchi moja na nusu ya kukunjia mpira, chini inchi mbili za pindo. Mita moja na nusu ya tetroni yenye upana wa inchi 60 ilitosha bukta mbili, na kipande kikabaki. Kabla ya kukata nilililoweka lile tetroni usiku kucha, si kwa sababu ya kusinyaa tu, bali nione kama linatoa rangi. Linalotoa rangi huharibu shuka la bluu bahari kwa siku moja.

Nilipofungua daftari la vipimo, ukurasa wake ulikuwa na namba zilizofutwa moja juu ya nyingine. Ya mwisho ilikuwa ya gauni jeupe la Kipaimara. Siku ile alisimama mbele akajibu maswali ya mchungaji kwa mdomo wake mwenyewe, ahadi zilezile tulizomjibia mimi na baba yake alipobatizwa. Tangu hapo alikuwa hataki kupimwa. Sasa ana miaka 19, amekaa kwenye kigoda anaangalia simu huku nimemzungushia futi kiunoni. Inchi 28.

Habari ya Hana, mama yake nabii Samweli, nimeisikia ikihubiriwa mara nyingi, na karibu kila mhubiri huishia kwenye machozi ya sura ya kwanza, au pale alipompeleka mtoto Shilo na efa ya unga na kiriba cha divai. Mimi husimama kwenye sura ya pili, mstari wa 19. Kila mwaka alimshonea Samweli kanzu ndogo, akampelekea. Vipimo alivitoa wapi? Yeye anakaa Rama, mtoto yuko Shilo, anamwona mara moja kwa mwaka. Alikuwa anakata kwa kukadiria, pengine akimtazama mtoto wa jirani wa umri uleule. Na bahati yake ilikuwa kanzu. Kanzu inasamehe, bukta haisamehi.

Mshono wa katikati niliupitisha mara mbili, wa pili ukiwa karibu sana na wa kwanza, kitambaa nikikivuta kidogo chini ya mguu wa cherehani ili uzi uwe na ulegevu. Usipovuta, uzi hukatika kabla ya kitambaa. Mpira wa upana wa inchi moja niliukata inchi 26, inchi moja ikiwa ya kupishana kwenye kiungo. Njia yake isizidi upana wa mpira ila kwa uzi mmoja au mbili. Ikiwa pana, mpira hujiviringa ndani na kumkata mtu tumbo. Nikaukamata kwa mshono mfupi pembeni kulia, pembeni kushoto na nyuma katikati.

Kile kipande kilichobaki ndicho kilichonitia majaribuni. Usiku, wao wamelala, nilishona mfuko wa siri upande wa ndani chini ya mpira, inchi tatu kwa nne. Nikaweka noti mbili za elfu kumi zilizofungwa kwa nailoni, na karatasi niliyonakili Zaburi ya 121. Mdomo nikauziba kwa mkono.

Kesho yake mchana aliifua ile bukta, kitambaa kipya huwa kigumu. Alipokuwa anaikamua, mkono ukagusa. Akaja ndani na wembe.

"Mama, orodha imesema mfuko mmoja."

"Huo uko ndani, nani atauona?"

"Atakayekaguliwa ni mimi."

Akakaa mlangoni kwenye mwanga, akaanza kufumua. Nilimfundisha akiwa darasa la tano: usivute uzi kwa nguvu. Kata mshono mmoja kila baada ya mitatu upande mmoja, kisha geuza, uzi wa upande wa pili utatoka wenyewe mzima mzima. Alifanya hivyo hivyo, taratibu, bila kutoboa. Vitundu vya sindano akavisugua kwa ukucha, akapiga pasi juu ya kitambaa kibichi, vikafunga. Noti akatia kwenye pochi yake, akasema asante. Ile karatasi aliisoma amesimama, akaiweka ndani ya Biblia yake.

Bukta ya pili ilikuwa imebaki kuingizwa mpira. Akasema ataimaliza mwenyewe. Nikampisha kwenye kiti, nikashika mchele wa kuchambua.

Mpira huingizwa kwa pini: unaibana kwenye ncha moja, unaisukuma ndani ya njia, unakunja kitambaa na kukinyoosha hadi itokee ulikoanzia. Ncha ya nyuma lazima nayo uibane nje kwa pini nyingine. Hakuibana. Nikaiona inamfuata polepole, inchi nne zimebaki nje, tatu, mbili. Mchele nikauchambua punje zilezile. Ikazama. Akasonya, akautoa mpira wote, akaanza upya, safari hii na pini mbili.

Baba yake alipita akauliza mbona kimya sana humu ndani.

Siku ya safari tuliomba nyumbani kabla ya alfajiri. Baba yake ndiye aliyeomba, mimi nikamwekea mkono kichwani. Stendi nilimpa sindano mbili na uzi wa bluu. Chakula alichukua mikate miwili na maji; ile ndoo ya vitumbua niliyoshauriwa na akina mama wa jumuiya tuliiacha, basi ni la siku nzima, vingechacha njiani.

Alirudi amekonda, mweusi, anaamka saa kumi bila kuamshwa. Bukta zake nilizikuta kwenye beseni. Mshono wa katikati wote mzima, katika ile yangu na ile aliyoimalizia. Lakini ile yangu ilikuwa imechanika kona ya mfuko wa nyuma, mkono unapoingilia, mahali ambapo fundi yeyote hurudisha cherehani mara tatu. Siku ile akili yangu yote ilikuwa kwenye mfuko wa ndani, nikasahau wa nje.

Alikuwa ameishona mwenyewe huko huko. Uzi mweusi, wa bluu ulimwishia. Mishono mikubwa ya mkono, kila mmoja umerudi nyuma kidogo kabla ya kwenda mbele. Nikaivuta kwa vidole gumba, kulia na kushoto.

"Usiifumue," akasema nyuma yangu.

Nikaitia sabuni, nikaendelea kufua.