BIM si zile picha za 3D tu

Watu wakiniuliza kazi yangu nikajibu BIM (Building Information Modelling, yaani modeli ya jengo kwenye kompyuta yenye taarifa za kila kipande chake), wengi huitikia "aah, zile picha za 3D", na mazungumzo yanaishia hapo. Picha zipo, lakini ni sehemu ndogo tu.

Juzi shemeji alinibana nimweleze vizuri. Nikafungua kompyuta, nikabofya mlango mmoja kwenye modeli. Maelezo yake yakatokea: upana milimita 900, unahimili moto dakika 60, unafungukia upande gani. Nikausogeza kidogo, ramani ya sakafu na mchoro wa ukuta vikabadilika papo hapo, bila mtu kuchora upya. Hapo ndipo shemeji alipokaa sawa kwenye kiti.

Kisha nikamwonyesha ninachokipenda zaidi: bomba la hewa limepenya katikati ya boriti ya zege. Mhandisi wa mitambo alichora lake, wa miundo lake, na kila mmoja yuko sahihi kwenye karatasi yake. Programu ikaziweka kazi zao pamoja na kuupaka rangi nyekundu mgongano ule. Kusogeza bomba kwenye skrini ni kazi ndogo. Kutoboa zege lililokwisha kukauka, muulize fundi yeyote uone atakavyokutazama!

(Wazo lenyewe si la jana: msomi wa usanifu majengo Charles Eastman aliandika kulihusu tangu miaka ya 1970, na Uingereza ikaifanya BIM sharti kwenye miradi ya serikali kuu mwaka 2016.)

Akauliza, jengo likiisha modeli inatupwa? Thubutu! Anakabidhiwa mwenye jengo, ili pampu ikifa ajue ni ya aina gani na iko wapi kabla hajabomoa dari.