Kura za maoni na rufaa zake: ninavyozisimamia ngazi ya kata

Ugomvi mwingi wa kura za maoni, yaani kura za ndani ya chama za kumpata mgombea, huanzia kwenye daftari la wanachama. Kwa hiyo, nikiwa katibu wa chama wa kata, kazi yangu ya kwanza ni kulifunga. Siku 30 kabla ya fomu za kugombea kutolewa napiga mstari chini ya jina la mwisho, naandika tarehe, nasaini pamoja na mwenyekiti, na nakala inabandikwa kila tawi. Bila mstari huo, mgombea mwenye fedha atanunua kadi 200 kwa usiku mmoja. Pingamizi dhidi ya jina lolote napokea kwa siku 7, kwa maandishi tu. Siku ya kura mjadala wa daftari umeshafungwa, hata apige kelele nani.

Msimamizi wa kura namwomba kutoka kata jirani. Akidi, yaani idadi ya wajumbe inayotosha kuhalalisha kikao, inatangazwa kwa tarakimu na kuingia kwenye muhtasari kabla ya ajenda ya kwanza. Karatasi za kura zilizotolewa, ukijumlisha na zilizobaki, lazima zilingane na zilizochapwa. Na za sandukuni zisizidi zilizotolewa. Zikizidi hata moja, kura inarudiwa. Kuna wanaoshauri kuchomoa moja kwa bahati nasibu ili watu waende nyumbani. Sikubali, maana hakuna ajuaye umechomoa ya nani. Wakala wa mgombea akigoma kusaini fomu ya matokeo simlazimishi, naandika sababu zake kwenye fomu hiyohiyo. Sababu iliyoandikwa saa ile inachunguzika, ya kubuniwa wiki ijayo ni taabu.

Panapovunja vyama zaidi ni kwenye nidhamu na rufaa. Barua ya wito iseme kitendo, tarehe, mahali na kifungu cha katiba ya chama, na impe mtuhumiwa siku 14 za kujibu. "Kukisaliti chama" peke yake si tuhuma; mtu atajibu nini hapo? Halafu, aliyeamua shauri la kwanza asikae kwenye rufaa. Desemba 2023 Mahakama Kuu ya Tanzania ilibatilisha uamuzi wa Baraza Kuu la chama cha upinzani cha CHADEMA wa kuzikataa rufaa za Halima Mdee na wenzake 18, kwa sababu wajumbe wa Kamati Kuu iliyowafukuza Novemba 2020 walipiga kura tena kwenye Baraza hilo. Kwenye kata watu ni wachache, kwa hiyo nagawa wajumbe mapema: hawa watasikiliza shauri, wale wanasubiri rufaa, na wanaosubiri hawaingii kabisa kwenye kikao cha kwanza, hata kwa jina la waalikwa.

Lakini hesabu safi haivunji makundi. Januari 2025, kwenye uchaguzi wa mwenyekiti wa CHADEMA, Tundu Lissu alimshinda Freeman Mbowe kwa kura 513 dhidi ya 482, kura zikahesabiwa watu wakiona, na Mbowe akampongeza mwenzake kabla matokeo hayajatangazwa rasmi. Hata hivyo, kufika Mei baadhi ya viongozi waandamizi walikuwa wamehamia chama kingine, CHAUMMA.

Ndiyo maana ndani ya saa 48 naenda kwa aliyeshindwa, nyumbani kwake, tena kabla ya kwenda kwa mshindi. Msafara wa shangwe haupiti mtaani kwake. Makundi ya WhatsApp ya wapambe wa pande zote mbili yanafungwa siku moja, ama sivyo hakuna atakayetangulia. Kisha aliyeshindwa nampelekea nafasi yenye kazi ya kweli. Ujumbe wa kamati ya kampeni usio na jukumu ni tusi, na mtu mzima huligundua haraka. Mimi hupendelea kumpa ukuu wa mawakala: timu yake inazijua nyumba, na inajua nani hakujitokeza. Uhazina nao unafaa, ila hundi ziwe na saini mbili, ya pili ya mtu wa upande wa mshindi, maana kampeni ikikosa mafuta ya pikipiki wiki ya mwisho, tuhuma za hujuma zitarudi mezani kwangu.