Upande wa Pili wa Kisiwa cha Mombasa

Anayeandika historia ya bandari ya Mombasa kwa kawaida huanzia Kilindini, na sababu ipo. Reli ya Uganda ilipoanza kujengwa mwaka 1896, meli za mvuke zilihitaji maji yenye kina, nayo yalikuwa magharibi mwa kisiwa. Ndiko zilikojengwa gati kubwa, na pamba ya Uganda ikapata njia ya kutokea. Mimi napendelea kuanzia mashariki, kwenye Bandari ya Kale inayotazamana na Nyali, ndani ya mlango ambao Wareno waliujengea Ngome ya Yesu kuanzia mwaka 1593.

Huko mwenye amri alikuwa upepo. Kaskazi ilipovuma, kati ya Desemba na Machi, majahazi yaliteremka kutoka Ghuba, Oman na Hadhramaut yakiwa na tende, chumvi, mazulia na papa mkavu, ambaye harufu yake ilitangulia kushuka pwani kabla ya baharia yeyote. Kusi iliposhika, yalirudi na boriti za mikoko za Lamu na Rufiji. Kenya ilipopiga marufuku kuuza boriti nje mwaka 1982, biashara hiyo ilikuwa imekwisha kudhoofika, kwa kuwa Ghuba ilikuwa ikijenga kwa saruji na chuma.

Wavuvi hawakuwa na pa kuhamia. Hadi leo mwenye ngalawa hutoka alfajiri na upepo wa umande. Msimu wa kusi, bahari inapochafuka, hubaki ndani ya mwamba akitega madema apate tafi na changu, na kaskazi ikitulia, mwenye chombo cha kutosha huvuka nje kuwafuata nguru na jodari. Lakini chombo, nyavu na barafu mara nyingi ni vya tajiri, ambaye humkopesha mvuvi kwa sharti kwamba samaki wote wapite kwenye mizani yake, kwa bei aitakayo yeye. Kwa maoni yangu, deni hilo limeamua maisha ya wavuvi kuliko gati lolote la Kilindini, ingawa halimo katika vitabu vya bandari. Nguru mnene huenda hotelini au Nairobi, na wadogo wanaobaki hununuliwa na kina mama karanga, yaani wanawake wakaangao samaki wa kuuza, ambao nao, tajiri akiwaamini, huchukua kwa mkopo na kulipa jioni wakishamaliza kukaanga na kuuza.