Saratani ya Ulimi na Koo: Kuishi, Kusema na Kumeza

Tangu kaka yangu akatwe sehemu ya ulimi na kisha kupelekwa kwenye mionzi, watu huniuliza swali lile lile: kati ya kisu na mionzi, kipi hasa kinachoponya? Swali hilo halina jibu moja, kwa sababu ulimi na koo, ijapokuwa ni majirani, havitibiwi kwa utaratibu mmoja.

Kwa sehemu ya mbele ya ulimi, ile inayochezacheza mdomoni, kisu ndicho hutangulia. Mionzi hufuata pale tu hatari ya ugonjwa kurudi inapokuwa kubwa, kwa mfano uvimbe ukiwa umezama sana au saratani ikiwa imeingia kwenye tezi za limfu za shingo. Ikikutwa imepasua ganda la tezi, au ikibaki kwenye kingo za nyama iliyokatwa, kwa kawaida madaktari huongeza sisplatini, dawa ya tibakemikali, juu ya mionzi iwapo mwili wa mgonjwa unaimudu. Suala la tezi lilibishaniwa kwa muda mrefu, hususan kama kuna haja ya kuzitoa wakati hazijavimba. Utafiti uliofanyika Mumbai, India, na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba kwa saratani ya mdomo iliyo katika hatua za awali, asilimia 80 ya waliotolewa tezi mapema walikuwa hai baada ya miaka 3, ilhali kwa waliosubiri hadi zivimbe ilikuwa asilimia 67.5. Kaka aliponiuliza kwa nini apasuliwe shingo wakati kidonda kiko ulimini, nilimjibu kwa tarakimu hizo.

Kwenye zoloto, yaani kisanduku cha sauti kilicho kooni, mambo ni mengine. Zamani saratani iliyokomaa hapo ilimaanisha kuondoa zoloto lote na kupumulia tundu la shingoni maisha yote. Mwaka 1991 madaktari wa Marekani walitangaza matokeo ya wagonjwa 332, ambao nusu walifanyiwa upasuaji huo pamoja na mionzi, na nusu wakaanzishiwa tibakemikali ikifuatwa na mionzi. Baada ya miaka 2, asilimia 68 ya kila kundi walikuwa hai, lakini katika kundi la pili asilimia 64 walikuwa bado na zoloto lao. Utafiti wa mwaka 2003 ukaonyesha kwamba dawa na mionzi vikitolewa kwa pamoja, zoloto hubaki kwa asilimia 88 ya wagonjwa baada ya miaka 2. Mimi naziheshimu tarakimu hizo, ila nazisoma kwa tahadhari: zoloto lililobaki si lazima liwe linafanya kazi, na wapo wanaopaliwa kila wanywapo maji au wanaolishwa kwa mpira licha ya kuhesabiwa miongoni mwa waliofanikiwa.

Saratani ya tonsili na ya shina la ulimi inayotokana na virusi vya HPV (virusi vya papiloma vya binadamu) huitikia tiba vizuri zaidi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, asilimia 82 ya wenye virusi hivyo walikuwa hai baada ya miaka 3, dhidi ya asilimia 57 ya wasio navyo.

Hakuna tarakimu iliyotuandaa kwa yale ya kila siku. Upande uliokatwa wa ulimi wa kaka ulizibwa kwa ngozi iliyotolewa kwenye kigasha pamoja na mshipa wake wa damu, na ngozi hiyo haijisogezi yenyewe. Sauti za k na g, zinazotoka nyuma ya ulimi, zilirudi mapema. T, d, l na r, zinazohitaji ncha, alizihangaikia kwa mtaalamu wa matamshi, akikaa mbele ya kioo na kurudia silabi moja mpaka anachoka. Kwenye mionzi alifungwa kichwa mezani kwa barakoa ya plastiki iliyofinyangwa kwa uso wake, ili miale isipotee hata kidogo. Mate yalianza kwa kuwa mazito kama gundi, kisha yakapungua. Mionzi ya kisasa inayokwepa tezi za mate imesaidia sana: utafiti wa Uingereza wa mwaka 2011 ulikuta ukavu mkubwa wa mdomo baada ya mwaka mmoja kwa asilimia 38 ya waliopewa mionzi hiyo, badala ya asilimia 74 kwa njia ya zamani.

Ningepewa nafasi ya kumshauri mgonjwa mpya, ningeanza na meno. Yaliyooza yang'olewe kabla ya mionzi, kwani kung'oa baadaye kunaweza kuliua taya. Sigara iachwe, maana humpunguzia mvutaji manufaa ya mionzi, na ratiba isikatizwe bila sababu nzito, kwa kuwa chembe za saratani huongezeka siku za mapumziko. Baada ya hapo kliniki ya marudio ihudhuriwe kwa bidii, hasa katika miaka 2 ya kwanza ambamo ugonjwa hurudi zaidi, na damu ipimwe homoni za tezi ya thairoidi iliyo shingoni, ambayo mionzi huweza kuidhoofisha polepole hata miaka baada ya matibabu kwisha.